Haki ya Nani?

Desemba 2021 madiwani wa Brampton walipiga kura kutoa dola 100,000 za walipakodi wao zisaidie kesi iliyokuwa ikiendeshwa katika jimbo jingine. Sheria iliyopingwa ilikuwa ya Quebec, ile ya mwaka 2019 inayowakataza walimu, polisi, waendesha mashtaka na watumishi wengine kadhaa wa umma kuvaa alama za dini wakiwa kazini. Brampton iko Ontario, kaskazini magharibi mwa Toronto, na diwani wake hana usemi Quebec hata wa kung'oa bango la barabarani. Aliyeamsha hasira za siku zile alikuwa mwalimu Mwislamu aliyeondolewa darasani kwa sababu ya hijabu. Jiji lililotangulia mengine ya Kanada kufungua mkoba, hata hivyo, linafahamika zaidi kwa vilemba.

Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu watu 656,480 Brampton, robo yao wakiwa Makalasinga, kama Wakenya wanavyowaita wafuasi wa dini ya Usikhi. Wahindu na Waislamu kwa pamoja ni zaidi ya robo nyingine. Mji huu uliwahi kusifika kwa mabanda ya vioo ya kuoteshea maua. Leo unasifika kwa malori. Uwanja wa ndege wa Pearson uko jirani, makontena ya reli yanashushwa palepale mjini, na maghala yamejipanga kando ya barabara kuu. Nyuma ya usukani wa trela, mara nyingi sana, utamkuta Kalasinga. Mwanafunzi aliyewasili juzi kutoka Punjab na mzee aliyezaliwa Kisumu wanakaa mkeka mmoja hekaluni wakila dengu na chapati zilezile, na mzee akitaka kusengenya bila kijana kuelewa, anageukia Kiswahili.

Mtu wa dini anapoingia kwenye siasa kudai haki, anadai haki ya nani? Ya waumini wenzake, au ya yeyote aliye karibu naye anayeonewa? Waswahili wamelijadili swali hili kwa namna yao tangu enzi za ukoloni, Waislamu wakizungumza juu ya dini na dola, Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, akishikilia kwamba wananchi wana dini zao lakini serikali haina. Makalasinga wamelibeba kutoka Punjab hadi Nairobi, kutoka Nairobi hadi Kanada, na kila walipolitua lilipata jibu tofauti.

Tangu mwanzo dini yenyewe ilikataa kulijibu kirahisi. Guru Nanak, aliyeishi kati ya 1469 na 1539, alihubiri Mungu mmoja asiye na umbo, akakataa matabaka, na wafuasi wake wakajenga desturi ya langar: jiko la hekalu ambamo tajiri na fukara hukaa chini safu moja na kula chakula kimoja, bila kuulizwa dini wala kabila. Mwaka 1606 Guru wa tano, Arjan, aliuawa Lahore na watawala wa Kimughali. Mwanawe Hargobind alipoketi mahali pa baba yake alijifunga panga mbili, moja ya mamlaka ya dunia, miri, na moja ya mamlaka ya roho, piri. Amritsar akajenga Akal Takht, baraza la mambo ya dunia, likitazamana na hekalu la dhahabu. Tangu hapo Kalasinga anayeambiwa dini isichanganywe na siasa huwa anashangaa kidogo. Kwake zilichanganywa zaidi ya miaka 400 iliyopita, na aliyezichanganya ni mtakatifu.

Ila upanga wa dunia ni wa kumlinda nani? Hapo ndipo kisa cha Guru wa tisa kinapoingia. Tegh Bahadur alikatwa kichwa Delhi mwaka 1675, na kwa mapokeo ya Makalasinga alikufa akiwatetea Wahindu wa Kashmir waliokuwa wakilazimishwa kubadili dini. Yeye mwenyewe hakuwa Mhindu. Alikuwa na sababu za kidini za kutozifuata ibada zao. Alikufa, kwa hiyo, akitetea haki ya jirani kuamini kitu ambacho yeye hakukiamini. Ni vigumu kupata katika historia ya dini yoyote shahidi wa namna hiyo, na si ajabu kwamba kila upande wa ubishi uliofuata umemtaja. Miaka 24 baadaye mwanawe, Gobind Singh, aliunda Khalsa, udugu wa waumini wenye nywele zisizokatwa na kisu cha kirpan kiunoni: jamii inayotambulikana kwa macho, yenye mipaka, yenye sare. Baba alifia watu wa nje, mwana akawafunga mkanda watu wa ndani. Yote mawili yamo katika dini moja, na waumini hawajawahi kuona haja ya kuchagua. Historia ndiyo iliyowalazimisha.

Kanada iliwalazimisha mapema. Mei 1914 meli Komagata Maru ilitia nanga Vancouver ikiwa na abiria 376, wote raia wa himaya ya Uingereza: Makalasinga 340, Waislamu 24 na Wahindu 12. Kanuni ya wakati huo ilimtaka mhamiaji awe amesafiri moja kwa moja kutoka nchi yake bila kukatisha safari, jambo ambalo kutoka India halikuwezekana. Kanuni ilitungwa kwa ajili hiyo hasa. Watu walikaa melini miezi miwili huku wanasheria wakivutana, kisha manowari ikaletwa kuwasindikiza waondoke. Walipofika Budge Budge karibu na Calcutta, mwezi Septemba, polisi waliwafyatulia risasi na abiria wapatao 20 wakafa. Bunge la Kanada lilisikia radhi rasmi ya Waziri Mkuu Justin Trudeau mwezi Mei 2016, miaka 102 baadaye.

Wakati meli hiyo ikisubiri, pwani ya magharibi ya Marekani ilikuwa tayari ina chama kilichoijua hasira hiyo. Ghadar kilianzishwa mwaka 1913 na vibarua wa viwanda vya mbao, wakulima na wanafunzi kutoka India, Sohan Singh Bhakna akiwa mwenyekiti na Har Dayal, msomi Mhindu, akiongoza gazeti lao kutoka San Francisco. Wengi wao walikuwa Makalasinga, lakini lengo lilikuwa kumng'oa Mwingereza India nzima, na chama kilikubaliana kwamba dini ya mtu ni shauri lake. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza walifanya jambo ambalo watu wa ughaibuni hulisema sana na kulitenda mara chache: walipanda meli kurudi kupigana. Uasi ulivuja kabla ya siku yake. Kartar Singh Sarabha, kijana aliyeacha masomo California, alinyongwa Lahore Novemba 1915 akiwa na miaka 19.

Moshi wa uasi huo ulifika hadi Kenya. Katika miaka ileile ya vita serikali ya kikoloni iliwakamata Wahindi kwenye njia ya reli kwa kukutwa na maandishi ya Ghadar, na baadhi yao wakanyongwa. Kitabu cha shule cha Mkenya hakina nafasi ya watu hao. Kina nafasi ya reli yenyewe, na si bure: kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kuijenga kutoka Mombasa hadi ziwani, karibu 2,500 wakafia njiani, na 6,700 hivi wakabaki. Mafundi seremala, wahunzi na waashi wa Kikalasinga walikuwa miongoni mwao, na kwa miaka mingi gereji ya mji wowote wa bara haikukamilika bila mmoja wao. Makindu, kwenye barabara ya Mombasa, walijenga hekalu mwaka 1926 ambalo mpaka leo humlisha msafiri yeyote bure. Dereva wa basi, mchungaji wa kanisa, sheikh na familia zao huvua viatu, hufunika vichwa na kula. Joginder Singh alishinda mashindano ya Safari Rally mara tatu, na vijiji vizima vilitoka barabarani kumshangilia kama mtoto wao. Kwa Mkenya wa kawaida Kalasinga alikuwa mtu wa spana, wa hoki na wa chakula cha bure. Kwamba mmoja wao ndiye aliyesimama hadharani mapema kuliko wengi kudai uhuru kamili, hilo limesahaulika kwa urahisi unaoudhi.

Makhan Singh alizaliwa mwaka 1913 wilaya ya Gujranwala, Punjab, mwaka uleule Ghadar ilipozaliwa upande wa pili wa dunia. Alifika Nairobi akiwa kijana mwaka 1927, baba yake akiwa fundi seremala wa reli aliyekuja kumiliki kiwanda kidogo cha uchapaji. Alifaulu mitihani yake, akaandika mashairi kwa Kipunjabi, na angeweza kuishia kuwa mchapishaji mwenye heshima zake. Mwaka 1935 akashika uongozi wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi na kukigeuza kuwa cha wafanyakazi wa rangi zote. Katika Kenya ya ubaguzi, ambako hata vyoo vilitengwa kwa rangi, uamuzi huo ulikuwa mzito kuliko unavyosikika leo. Matangazo ya chama yalitoka kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Mwaka 1937 mgomo wa wajenzi wa Nairobi ulidumu siku 62 na ukaisha kwa nyongeza ya mishahara. Alipokwenda India mwaka 1939, Waingereza walimfunga huko kwa miaka kadhaa. Aliporudi Kenya mwaka 1947 serikali ilijaribu kumfukuza na ikashindwa.

Mei Mosi 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, Kubai rais, Singh katibu mkuu. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, kwenye mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi, alisimama na kutaka azimio litamke uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, na lipitishwe sasa, si kesho. Wiki tatu baadaye alikamatwa pamoja na Kubai. Wafanyakazi wa Nairobi kwa maelfu wakagoma. Serikali ikamtupa Lokitaung, kwenye joto na vumbi la Turkana, kisha Maralal, kisha Dol Dol. Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria walipoletwa Lokitaung miaka mitatu baadaye, nchi ile ilikuwa imeshapokea mfungwa wa siasa mwenye kilemba. Singh aliachiwa Oktoba 1961, baada ya miaka 11 na nusu. Hakuna kiongozi wa uhuru wa Kenya aliyezuiliwa muda mrefu kuliko huo bila kukatizwa.

Alikuwa mkomunisti na hakuwahi kuficha. Wasomi wa nadharia wangependa kumaliza hadithi hapo: mtu aliyeacha dini akafuata Marx. Lakini kilemba hakukivua, ndevu hakunyoa, na hakuna aliyewahi kumsikia akiikana jamii yake. Pengine alikuwa mfuasi wa Tegh Bahadur kuliko alivyokuwa wa Moscow. Waingereza walimpa njia ya kutokea: aende India, awe huru. Alikataa. Kenya ilikuwa nchi yake kwa sababu moja tu, kwamba ndiko alikoishi na ndiko watu aliofanya nao kazi walikokuwa wakionewa. Hakudai kipande cha Kenya cha Makalasinga, wala kiti maalum cha Wahindi. Alidai haki ya seremala, wa rangi yoyote.

Uhuru ulipokuja haukumpa kitu. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeingia mikononi mwa watu waliomwogopa mkomunisti, serikali mpya ikamweka kando, naye akatumia miaka yake kuandika historia ya vyama hivyo, iliyochapishwa mwaka 1969. Alifariki Mei 1973. Pio Gama Pinto, Mgoa aliyekuwa mwenzake katika mapambano, alikuwa ameuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965, na mjane wake Emma alihamia Kanada na binti zao miaka miwili baadaye.

Emma hakuwa peke yake. Kenya ilianza kudai leseni na vibali kwa wasio raia mwaka 1967, Uingereza ikafunga mlango wake mwaka 1968, na Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90. Kanada, iliyomaliza kuondoa ubaguzi wa rangi katika kanuni zake za uhamiaji miaka mitano tu kabla, ilipeleka maofisa Kampala na kuwapokea zaidi ya 6,000 kabla mwaka haujaisha, Waismailia wakiwa wengi, Wagoa, Wahindu na Makalasinga pia. Serikali ya Kenya ililipa deni lake la maneno mwaka 2017, ilipotangaza Wakenya wenye asili ya India kuwa kabila la 44. Wakati huo wajukuu wa wengi waliostahili kusherehekea walikuwa wakizoa theluji Ontario.

Brampton haikujazwa na hao, tuseme ukweli. Iliyoijaza ni Punjab yenyewe, na Punjab iliyoijaza ilikuwa na jeraha.

Juni 1984 jeshi la India liliingia hekalu la dhahabu Amritsar kuwaondoa wapiganaji waliojificha humo. Akal Takht, lile baraza la upanga wa dunia, lilibomolewa kwa mizinga. Mwezi Oktoba walinzi wawili wa Kikalasinga walimuua Waziri Mkuu Indira Gandhi, na kwa siku kadhaa magenge yaliwachoma moto Makalasinga mitaani. Kwa hesabu ya serikali yenyewe waliokufa Delhi peke yake walizidi 2,700. Miaka ya mauaji ya polisi na ya waasi ikafuata. Wengi waliokimbilia Kanada walitoka humo. Aprili 2017 bunge la Ontario lilipitisha hoja, iliyoletwa na mbunge wa Brampton, Harinder Malhi, kuyaita mauaji ya 1984 mauaji ya kimbari.

Hapo ndipo jibu jingine la swali letu linapopata nguvu. Mtu aliyemwona baba yake akichomwa na majirani huku polisi wakitazama hana sababu ya kuamini kwamba haki ni ya wote. Atasema haki isiyo na dola ya kuilinda ni hewa, na kwamba Makalasinga wanahitaji nchi yao, Khalistan. Wayahudi walisema hivyo. Waarmenia walisema hivyo. Septemba 2022 maelfu walipanga foleni kwenye ukumbi wa michezo wa Gore Meadows, Brampton, kupiga kura isiyo rasmi juu ya nchi hiyo. Waandaaji walidai waliofika walizidi 100,000. Juni 2023, katika gwaride la jijini, lori lilipita na sanamu za mauaji ya Indira Gandhi, na serikali ya India ikang'aka. Wiki mbili baada ya gwaride Hardeep Singh Nijjar, mwanaharakati wa Khalistan, aliuawa kwa risasi nje ya hekalu lake mjini Surrey, ng'ambo nyingine ya Kanada. Septemba Trudeau aliliambia Bunge kwamba kuna madai ya kuaminika kuwa maajenti wa India walihusika. India ilikana, na nchi hizo mbili zikafukuziana wanadiplomasia. Novemba 2024 ugomvi ulifika hadi mlangoni mwa hekalu la Kihindu la Hindu Sabha, Brampton, ambako maofisa wa ubalozi wa India walikuwa wakihudumia watu. Fimbo za bendera zikageuka za kupigania. Kabla mwezi haujaisha madiwani wa jiji walipitisha sheria ndogo ya kuzuia maandamano karibu na nyumba za ibada.

Tofauti kati ya Kaloleni ya 1950 na Gore Meadows ya 2022 si kwamba mmoja alikuwa na dini safi na mwingine chafu. Ni suala la nani analipa. Makhan Singh alidai uhuru wa nchi alimokuwa akilala, na hati ya kumkamata ilipotoka ilibisha mlango wake mwenyewe. Vijana wa Ghadar waliiacha Marekani wakaenda kunyongwa. Anayepiga kura Brampton juu ya mipaka ya Punjab anarudi nyumbani na gari lake, na kama kura yake ikizaa vita, watakaozikwa ni wakulima wa Ludhiana, wengi wao wakiwa hawajaulizwa. Mwasi wa mbali hupewa ujasiri na umbali wenyewe. Usiku wa 22 Juni 1985 ndege ya Air India iliondoka Toronto, ikapita Montreal, na asubuhi yake bomu la wapiganaji wa Khalistan likaipasua karibu na Ireland. Watu 329 walikufa, wengi wao raia wa Kanada, wengi wao Wahindi wa asili kama waliotega bomu, wakilipa deni ambalo hawakulikopa. Kanada ilichukua miaka 25 kuomba radhi kwa uzembe wake wa kabla na baada, kana kwamba waliokufa walikuwa wageni.

Kipimo hicho cha gharama, lakini, hakitoshi kufunga mjadala. Nijjar alilipa kwa roho yake, na akiwa ughaibuni. Wala si haki kumdai mtu aliyepoteza kila kitu Delhi mwaka 1984 aonyeshe kwanza ushahidi kwamba anateseka vya kutosha ndipo aruhusiwe kuota nchi. Kinachoweza kusemwa ni kidogo zaidi: harakati ikikaa mbali na watu inaowasemea, kumbukumbu huanza kufanya kazi ya mapambano, na kumbukumbu haichoki, haiafikiani, haiendi likizo. Nairobi ya mwaka 1937 ilikuwa na mkoloni mmoja juu ya seremala wa Kikikuyu na wa Kipunjabi. Adui wa pamoja alikuwa zawadi, kwa maana fulani. Kanada ya leo haimpi Kalasinga adui wa kumuunganisha na jirani. Inampa rehani ya nyumba, foleni ya barabarani, na simu yenye habari za Punjab usiku kucha.

Inampa pia uhuru wa kuwa msanii, na sanaa ya Brampton imejibu swali hili kwa njia ambazo wanasiasa hawakuziona. Kitabu kitakatifu cha Makalasinga, Guru Granth Sahib, ni ushairi mtupu, kurasa 1,430, nyingi zikiwa zimepangwa kwa raga, yaani miundo ya kuimbwa, na ndani yake kuna mashairi ya Sheikh Farid, sufi Mwislamu, na ya Kabir, mfumaji aliyelelewa katika nyumba ya Kiislamu. Msomaji wa Utendi wa Tambuka au Al-Inkishafi hatashangazwa na dini inayofikiri kwa beti. Rupi Kaur, aliyekulia Brampton na kuchapisha kitabu chake cha kwanza mwenyewe mwaka 2014, aliandika kwa Kiingereza bila herufi kubwa, nukta pekee zikikata maneno, kwa kuuheshimu mwandiko wa Gurmukhi aliosomea dini. Wakosoaji walimcheka kwa wepesi wa mistari. Mamilioni walinunua. Novemba 2023 alikataa mwaliko wa Diwali wa ikulu ya Marekani kwa sababu ya vita vya Gaza, vita vya watu wasio wa dini yake. Sidhu Moose Wala, mwanamuziki aliyepitia Brampton akiwa mwanafunzi na kuutia mji huo katika muziki wake, aliuawa Punjab Mei 2022 akiwa na miaka 28. Wimbo uliotoka baada ya kifo chake, juu ya mfereji unaogombewa wa kupeleka maji ya Punjab jimbo jirani, uliondolewa YouTube ndani ya India baada ya siku chache. Mmoja amepeleka wino wa hekalu kwa watu wa mbali, mwingine aliimba maji ya kwao mpaka serikali ikaziba sikio. Wote wawili vijana wa Brampton huwasikiliza bila kuona mgongano.

Mahakama nazo zimechangia. Mwaka 1990 bodi ya elimu ya Peel, ndiyo inayosimamia shule za Brampton, ilikuwa imekataza kirpan shuleni, na kesi ikapelekwa mbele ya mwamuzi wa haki za binadamu wa Ontario. Mwamuzi alikuwa Gunther Plaut, rabi wa Kiyahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1935. Alisikiliza ushahidi, akaona hakuna shule ya Peel iliyowahi kushuhudia kirpan ikitumiwa kama silaha, akaamua Makalasinga waruhusiwe kuivaa mradi iwe ya kiasi, imefungwa imara na imefichwa chini ya nguo. Mahakama ya Juu ya Kanada ilifika mahali hapohapo mwaka 2006. Rabi hakuhitaji kuiamini kirpan ili kuitetea. Huenda kuna Makalasinga walioona katika hukumu ile sura waliyoijua.

Kisha kuna upande wa kazi, ambao ndio Makhan Singh angeuangalia kwanza. Novemba 2020 wakulima wa Punjab na Haryana, na baadaye wa Uttar Pradesh, walipiga kambi kwenye barabara kuu za kuingilia Delhi kupinga sheria tatu za soko la mazao. Langar zilifunguliwa barabarani. Makalasinga, Wahindu wa Kijat na Waislamu walikula pamoja, na polisi waliokuja kuwazuia nao wakalishwa. Brampton iliandamana kwa misururu ya magari. Januari 26, 2021 kundi moja lilivamia Ngome Nyekundu ya Delhi na kupandisha bendera ya Usikhi, na kwa muda harakati nzima ilikaribia kuvunjika juu ya swali lilelile la nani mwenye haki hii. Vyama vya wakulima viliishika tena. Novemba 19, 2021, siku ya sherehe za kuzaliwa Guru Nanak, Waziri Mkuu Modi alitangaza kwamba sheria hizo zitafutwa.

Mwaka huohuo kundi la vijana wa Brampton, madereva wa malori na wanafunzi wa kigeni wengi wao kutoka Punjab, walianzisha mtandao wa Naujawan Support Network. Kazi yake ni mishahara iliyoibwa. Mfanyakazi akifika na ushahidi kwamba mwajiri amekataa kumlipa, mtandao humwandikia mwajiri barua. Asipolipa, wanachama huenda na mabango mbele ya ofisi yake au nyumba yake, mtaani kwake, majirani wakiona. Baadhi ya waajiri wameulipa, wengine wameushtaki kwa kuwachafulia jina. Na wengi wa waajiri hao ni Wapunjabi, watu wa hekalu moja na wanaowadai, kama walivyokuwa baadhi ya makandarasi wa Kihindi wa Nairobi ambao Makhan Singh aliwatolea wafanyakazi wao kazini siku 62.